Tusimnyang'anye mtoto bisibisi, tumwongezee daftari

Muhula uliopita kijana wangu, ambaye yuko Gredi ya Nane, alirudi nyumbani saa nne asubuhi, mkoba mgongoni na barua mkononi. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kwamba amepatikana shuleni na silaha bandia, na kwamba hatapokewa darasani hadi aje na mzazi. Hicho kilichoitwa silaha kilikuwa kichezeo cha plastiki cha rangi ya samawati na machungwa, kinachorusha vishale vya sponji vyenye kichwa cha mpira. Wala kijana hakuwa amekipeleka ili akichezee. Alikuwa amekipeleka pamoja na daftari, kama kazi yake ya mradi wa Sayansi.

Siandiki makala haya ili kumtetea mwanangu, kwani mzazi anayemtetea mwanawe gazetini humharibia zaidi kuliko anavyomsaidia. Ninaandika kwa ajili ya lile daftari. Lilirudi nyumbani jinsi lilivyokwenda. Hakuna aliyelifungua.

Kwa wasiokijua kichezeo hiki, umbo lake la ndani si la kutatiza. Mna silinda, na ndani ya silinda mna pistoni, na nyuma ya pistoni mna kamani, ambayo mafundi wengi huiita springi. Mchezaji avutapo mpini nyuma, kamani hubanwa na pistoni hunaswa na kishikizo. Abonyezapo kwa kidole, kishikizo huachia, kamani hufyatuka, pistoni husukuma hewa, na hewa hukisukuma kishale nje ya mtutu. Kishale chenyewe kina urefu wa sentimita 7 hivi na uzito wa takriban gramu 1.

Lugha yetu iliutambua mwendo huu zamani. Kitenzi "fyatua" hutumika kwa mtego unaoachia, kwa risasi itokayo mtutuni, na hata kwa tofali litolewalo kwenye kalibu. Kinachounganisha maana hizo zote ni kitu kilichobanwa kisha kikaachiliwa. Watengenezaji wa kichezeo hiki huko Marekani hujitahidi sana kuepuka kukiita bunduki, na nadhani wana busara. Nami katika makala haya nitakiita kifyatuzi, nikiliacha jina la kifyatuo kwa kile kipande kinachobonyezwa na kidole.

Vifyatuzi vya sponji ni watoto wa mpira. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mbunifu mmoja wa jimbo la Minnesota, Reyn Guyer, alibuni mpira wa sponji ambao mtoto angeweza kuurusha sebuleni bila kuvunja taa wala dirisha. Kampuni ya Parker Brothers iliuuza kwa jina la Nerf. Mwaka 1991 jina hilo liliingia mikononi mwa kampuni ya Hasbro, na katika muongo huo huo vifyatuzi vya mishale vikaanza kujaa madukani. Tangu hapo wametokea watu, wakubwa kwa wadogo, huko Marekani, Uingereza, Australia na Singapore, wasioridhika na kichezeo kama kilivyotoka kiwandani. Hukifungua, hubadilisha kamani, na katika vile vya umeme hubadilisha mota, waya na betri. Wengine huunda vipuri vyao wenyewe kwa mashine za kuchapisha plastiki. Wakisha kukifunga, hupima kasi ya kishale kwa kronografu, ambayo huhesabu muda anaotumia msafiri huyo mdogo kupita baina ya vihisi viwili. Wanachonivutia watu hawa si mchezo wao. Ni ile desturi yao ya kutomsadiki mtu asemaye kwamba chake kimekuwa bora mpaka aonyeshe tarakimu.

Mmoja wa walioneemesha uwanja huu ni Lonnie Johnson, mhandisi mweusi aliyezaliwa mjini Mobile, jimbo la Alabama, mwaka 1949. Utotoni alimfumua mwanasesere wa dada yake ili aone ni nini kinachomfumba macho. Siku nyingine alipika fueli ya roketi katika sufuria ya mama yake, ikalipuka, nusura nyumba iteketee. Mwaka 1968, akiwa bado mwanafunzi wa shule ya upili, alipeleka roboti iliyoendeshwa kwa hewa iliyobanwa katika maonyesho ya sayansi yaliyofanyika Chuo Kikuu cha Alabama. Alikuwa mwanafunzi mweusi wa pekee, na akashinda. Ilikuwa imepita miaka mitano tu tangu Gavana George Wallace asimame mlangoni mwa chuo hicho hicho akiwazuia wanafunzi weusi wasijiandikishe. Johnson alikuja kufanya kazi katika shirika la anga la NASA, akabuni bunduki ya maji ya Super Soaker iliyoingia madukani mwaka 1990, kisha akabuni vifyatuzi vya sponji vitumiavyo hewa. Mwaka 2013 wasuluhishi waliiamuru Hasbro imlipe takriban dola milioni 73 za mrabaha aliokuwa akiudai.

Huwa najiuliza: mtoto yule angalizaliwa mtaani kwetu, ni nani angaliyemwona mhandisi ndani ya yule mharibifu wa sufuria?

Jibu la swali hilo ninalo, na linaniaibisha. Kifyatuzi cha kijana wangu tulikinunua kikiwa mtumba katika soko la Toi, nacho kilikuwa kimechoka. Jioni moja nilimkuta amekifungua mezani. Skrubu zote zilikuwa kwenye kifuniko cha mkebe, na pembeni palikuwa na karatasi aliyochora mahali pa kila kipande kabla hajakigusa. Mimi, niliyesoma hadi shahada ya uzamifu, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Unaharibu nini tena?" Mchoro ule sikuuona hadi baadaye.

Kijana alikuwa amempata fundi mmoja wa jua kali huko Kariobangi, akamsokotea kamani ya waya mnene zaidi, yenye urefu na upana ule ule wa ile ya awali. Alipoitia na kufyatua mara moja ukumbini, alikuja mbio akisema, "Baba, sasa ni kali!"

"Kali kiasi gani?" nikamwuliza.

Hakuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililozaa daftari.

Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni sauti za lugha. Katika fonetiki sisi hupima, kwa elfu za sekunde, muda unaopita tangu midomo iachane katika kutamka "p" hadi nyuzi za sauti zianze kutetema. Programu tuitumiayo huitwa Praat. Iliundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na hupatikana bila malipo. Nikamwambia kijana kwamba kifyatuzi chake nacho kina konsonanti mbili: mlio wa kufyatuka na mlio wa kugonga. Kilichobaki ni kukipima kimya kilicho baina yake.

Tuliegemeza bati kuukuu ukutani, tukachora juu yake duara la chaki lenye ukubwa wa sahani. Tukapima mita 5 kwa utepe, tukaweka alama sakafuni. Simu ya kurekodia tuliiweka katikati kabisa, mita mbili na nusu kutoka kila upande. Kijana aliuliza kwa nini tusiiweke karibu na bati. Nikamwacha afikiri. Kesho yake alinijibu mwenyewe kwamba sauti nayo husafiri, na simu ikiwa katikati, milio yote miwili huchelewa sawasawa, kwa hivyo kimya hakiharibiki. Siku hiyo nilijua kwamba fedha ya kamani haikupotea.

Kabla ya kuipima kamani mpya nilimlazimisha arudishe ile ya kale. Alinung'unika. Lakini asiyejua alikotoka hawezi kupima alikofika. Alifyatua mara kumi. Wastani wa kimya ulikuwa sekunde 0.25, yaani kasi ya mita 20 kwa sekunde, na vishale 7 kati ya 10 vilipiga ndani ya duara. Ndipo ikaingia kamani mpya. Wastani ulishuka hadi sekunde 0.17, yaani mita 29 kwa sekunde. Kijana alishangilia. Nikamwomba ahesabu mapigo ya shabaha, nayo yakawa 4 tu. Zaidi ya hayo, mifyatuo haikufanana. Mmoja ulichukua sekunde 0.14, mwingine 0.21. Kifyatuzi kilikuwa kimepata nguvu na kupoteza adabu.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kweli. Kwa nini nguvu ilete fujo? Kijana alikifungua tena akaichunguza pistoni. Pete ya mpira inayoizunguka, ambayo kazi yake ni kuzuia hewa isivuje, ilikuwa imechakaa upande mmoja. Wakati mwingine hewa ilipita mbele na wakati mwingine ilitoroka nyuma. Alinunua pete nyingine kwenye duka la vifaa vya mabomba kwa bei isiyotosha hata nauli ya matatu, akaipaka mafuta ya silikoni, akapima tena bila kubadilisha jambo jingine lolote. Wastani ulikuwa sekunde 0.16, na safari hii mifyatuo yote ilikuwa kati ya 0.15 na 0.17. Duara lilipata vishale 6. Fujo ilikuwa imepungua lakini haikwisha, kwani kishale chepesi kikisukumwa kupita kiasi hutikisa mkia kama samaki.

Katika mfyatuo wa sitini na tatu tukasikia mlio ambao haukuwa konsonanti yoyote tuijuayo. Kishikizo, kipande cha plastiki kilichoundwa kuhimili kamani ya kiwandani, kilikuwa kimepasuka. Kijana alichonga kingine kwa kipande cha alumini. Kazi hiyo ilimchukua Jumamosi mbili na kumtoa damu kidole kimoja. Kisha, kwa hiari yake, akafanya jipimo ambalo sikumwagiza. Alirudisha kamani ya kale, akaiacha pete mpya. Wastani ulikuwa sekunde 0.23, yaani takriban mita 22 kwa sekunde. Mifyatuo ilifanana kama mapacha, na vishale 9 kati ya 10 viliingia ndani ya duara.

Mpenzi msomaji, tulia kidogo juu ya tarakimu hizo. Kitu kilichokuwa na sifa kubwa, yaani kamani ya fundi, ndicho kilichopunguza shabaha na kuvunja kifaa. Pete duni ya mpira, ambayo hakuna mtoto angemwonyesha mwenzake kwa fahari, ndiyo iliyokiboresha kifyatuzi. Lau tusingepima, kijana angeishi akiamini kinyume chake, na angekuwa na ushahidi wa kelele kuthibitisha imani yake. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari aliandika: "Kamani mpya imeongeza kasi na kupunguza uaminifu. Ninapendekeza isitumike." Ni watafiti wangapi walio na moyo wa kuandika dhidi ya kitu walichokigharamia wenyewe?

Pendekezo hilo lilikuwa na sababu ya pili. Nishati ya kitu kiendacho haiongezeki sawasawa na kasi yake, bali huongezeka kwa kipeo cha pili. Kasi ilipotoka mita 20 hadi 29, nishati ya kishale iliongezeka zaidi ya maradufu. Sponji ni laini, lakini jicho ni laini zaidi. Mwaka 2017 madaktari wa hospitali ya macho ya Moorfields mjini London walichapisha habari za wagonjwa watatu, watu wazima wawili na mvulana wa miaka 11, waliovuja damu ndani ya jicho baada ya kupigwa na vishale vya vichezeo vya namna hii. Kijana wangu ana dada wa miaka saba ambaye hupenda kuchungulia milangoni. Tangu siku ya kwanza sheria yetu ilikuwa kwamba hapana mfyatuo bila miwani ya kukinga macho, na kwamba hapana kuelekeza mtutu kwa kiumbe chenye uhai. Hata hivyo, sheria hukesha pale tu mzazi anapokesha. Kamani ya kiwandani hulinda hata mzazi akisinzia.

Tena kuna hatari isiyopimika kwa Praat. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inataka bunduki za kuchezea ziwe na alama ya kuzitambulisha, kama vile ncha ya rangi ya machungwa inayong'aa. Wako wapendao kuipaka rangi nyeusi ili kichezeo kifanane na silaha ya kweli. Mnamo Novemba 2014, mjini Cleveland, polisi walimpiga risasi na kumwua Tamir Rice, mtoto mweusi wa miaka 12, aliyekuwa na bastola ya kuchezea isiyokuwa na alama hiyo. Nasi hapa Kenya, ambako si jambo geni kusikia kwamba majambazi wamemwibia mtu kwa bastola bandia, hatuna haki ya kujifanya hatuelewi hofu ya mtu aonaye mtutu.

Ndiyo sababu nilipokwenda shuleni sikwenda na hasira. Mwalimu mkuu alinipokea kwa heshima. Nilipoanza kueleza tofauti baina ya silaha na kifyatuzi, alinisikiliza, kisha akasema, "Daktari, mimi nina watoto mia sita hapa. Mmoja wao akitobolewa jicho, je, nitamweleza mama yake isimu?"

Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa amesema kweli. Kosa la kukipeleka kifyatuzi shuleni bila kumwarifu mwalimu lilikuwa langu kabla halijawa la kijana, nami nikaomba radhi. Ila nilimwuliza swali moja tu: "Mwalimu, daftari mmelisoma?"

Alilipokea, akafungua kurasa taratibu. Alipofika ule ukurasa wa mwisho, alirudi nyuma akazitazama tarakimu, kisha akausoma tena. Aliniomba daftari libaki ofisini ili mwalimu wa Sayansi alione. Kifyatuzi nikarudi nacho nyumbani. Naona tuligawana kwa haki.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Sisi tuliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, twakumbuka jinsi kazi za mikono zilivyogeuka biashara. Kikapu kilinunuliwa sokoni, mwiko ukachongwa na seremala, mwanafunzi akapata alama. Mtaala wa umilisi, uliotandazwa katika shule za msingi tangu mwaka 2019, ulikuja kututoa huko. Je, umetutoa? Mzazi bado hukesha akigundisha katoni, kazi hupigwa picha, picha hutumwa, mtoto husifiwa kwa umaridadi wa kitu ambacho hakuna aliyeuliza kama kinafanya kazi. Tunasahihisha sura ya kazi, hatusahihishi fikira iliyoizaa.

Dawa yake haihitaji maabara wala fedha. Kila mradi, uwe wa kishada, gari la waya, mkokoteni au jiko, uandamane na daftari lijibulo maswali matatu. La kwanza: kilikuwaje kabla hujakigusa? La pili: umebadilisha nini, kimoja baada ya kingine? La tatu: umejuaje kwamba kimekuwa bora, na ni bora kwa nani? Mtoto aliyetengeneza jiko achemshe sufuria ile ile ya maji, kwa uzito ule ule wa makaa, mara tano kwa jiko la kale na mara tano kwa jipya, aandike dakika. Akiona jiko lake limeshindwa na la nyanya yake, aandike hivyo, na apewe alama zake zote. Mwanafunzi anayejua kwamba kushindwa kwake kutahesabiwa kuwa maarifa hana haja ya kukodi fundi.

Nanyi wanafunzi, nawaomba mambo mawili. Msifungue kitu kisicho chenu, wala kitu kilichounganishwa na umeme wa nyumba. Vilivyo vyenu, na vilivyokwisha kutupwa, fungueni, lakini choreni kabla ya kufungua na pimeni kabla ya kubadilisha. Atakayewaambia kwamba mnaharibu, mwonyesheni daftari. Lisipokuwapo, basi huenda anasema kweli.

Kifyatuzi sasa kiko juu ya kabati, na kamani yake ya kale, na pete yake mpya. Jumapili huteremshwa, miwani huvaliwa, na yule dada wa miaka saba huwa wa kwanza kufyatua. Kamani ya Kariobangi imewekwa ndani ya bahasha iliyoandikwa tarehe na tarakimu zake. Kijana hakuitupa. Anasema huenda siku moja akapata kazi inayoifaa.

Mwandishi ni mhadhiri wa isimu katika chuo kikuu cha umma.